Darapladib: kimeng'enya kilizimwa, moyo haukupona

Novemba 2013 kampuni ya GlaxoSmithKline ilitangaza matokeo ya awali ya jaribio lililoitwa STABILITY. Wagonjwa 15,828 wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, katika nchi 39, walikuwa wamegawanywa kwa kura: kundi moja likimeza darapladib miligramu 160 kila siku, kundi jingine likimeza kidonge kinachofanana nacho ambacho hakina dawa ndani. Matibabu ya kawaida, zikiwamo statini, yaani dawa za kushusha lehemu (kolesteroli), yaliendelea pande zote mbili. Takwimu kamili zilitoka Machi 2014. Baada ya kufuatiliwa kwa miaka 3.7 hivi, waliofariki kwa maradhi ya moyo na mishipa, au kupata shambulio la moyo, au kiharusi, walikuwa 769 kati ya 7,924 waliotumia dawa, na 819 kati ya 7,904 wasioitumia. Asilimia 9.7 kwa 10.4. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba bahati peke yake ingeweza kuileta.

Dawa kufeli majaribioni ni jambo la kila mwaka. Hii naichambua kwa sababu, ukiitazama kwa jicho la mwanabayokemia, haikufeli. Ilitengenezwa ili izuie kimeng'enya kimoja katika damu, kiitwacho Lp-PLA2, na ilikizuia kwa zaidi ya nusu, kwa kidonge kimoja kwa siku. Kimeng'enya kilitii. Ugonjwa haukutii. Kati ya mambo hayo mawili kuna pengo, na pengo hilo lilikuwa limeonekana mapema kwa aliyetaka kuliona.

Kazi ya kimeng'enya chenyewe

Lehemu haiyeyuki katika maji, kwa hiyo damu huibeba ndani ya chembe za lipoprotini. Inayotuhusu ni LDL, yenye upana wa nanomita 20 na ushee. Katikati imejaa lehemu, nje ina tabaka moja la fosfolipidi, na protini moja kubwa iitwayo apoB imejizungusha juu yake. LDL zikiwa nyingi, baadhi hupenya ukuta wa ateri na kukwama humo, na zikishakwama huanza kuoksidika.

Watu husema "lehemu iliyooksidika" kwa mkato, na mkato huo unaficha jambo. Sehemu ambayo huharibika mapema ni zile fosfolipidi za tabaka la nje. Kila fosfolipidi imejengwa juu ya gliseroli yenye nafasi tatu. Nafasi ya kati mara nyingi hukaliwa na asidi ya mafuta ndefu, yenye vifungo maradufu kadhaa, na oksijeni kali hushambulia pale pale kwenye vifungo hivyo. Mkia hukatika. Kinachobaki ni kisiki kifupi chenye oksijeni mwishoni.

Lp-PLA2 hutafuta kisiki hicho. Ni fosfolipasi A2 inayotolewa na makrofaji, zile seli nyeupe zinazomeza takataka za mwili, na ikishaingia kwenye damu hujishikiza kwenye lipoprotini: kwa binadamu takriban asilimia 80 iko juu ya LDL, iliyobaki juu ya HDL, lipoprotini nyingine. Ndugu zake wengi wanahitaji kalsiamu, yeye hahitaji. Fosfolipidi nzima yenye mkia mrefu haigusi. Ikikutana na yenye mkia mfupi, serini ya nafasi ya 273 hufanya kazi pamoja na histidini ya 351 na asidi aspatiki ya 296, mkia unakatwa, na vinabaki vitu viwili: lisofosfatidilkolini na asidi ya mafuta iliyooksidika. Vyote viwili, ukivimimina juu ya seli maabara, huita seli nyeupe zaidi, hukera ukuta wa mshipa, na kwa kiwango kikubwa huua seli. Ndani ya plaki, yaani ule uvimbe wa mafuta ukutani mwa ateri, seli zinazokufa hujikusanya na kuwa kiini laini. Plaki yenye kiini kikubwa na kifuniko chembamba ndiyo hupasuka, damu ikagandia hapo, na mtu akapata shambulio la moyo. Wachunguzi waliopasua ateri za marehemu walikikuta kimeng'enya hiki kwa wingi katika plaki za namna hiyo hasa.

Ukisoma mpaka hapo, unaona kabisa kwa nini mtu angetaka kukizuia. Lakini kulikuwa na upande mwingine. Watafiti wa Utah, Marekani, walikuwa wakikichunguza kimeng'enya hikihiki tangu miaka ya 1980 kwa kazi tofauti: kinavunja PAF, kemikali inayochochea chembe sahani za damu na uvimbe. Kwao kilikuwa mtuliza ghasia. Kampuni ya ICOS ilikitengeneza maabara na kukidunga kwa wagonjwa wa sepsisi kali, ikitumaini kitapunguza vifo. Hakikupunguza, matokeo yalichapishwa 2004. Kwa hiyo kuna kipindi ambapo wataalamu wa hapa walikuwa wanakidunga kama dawa, na wa kule wanatafuta dawa ya kukizuia. Wote walikuwa na kemia sahihi. Kukata fosfolipidi iliyooksidika kunaweza kuitwa kusafisha, na kunaweza kuitwa kuzalisha sumu, na chupa za maabara hazina uwezo wa kukuambia ni lipi lina uzito zaidi ndani ya mtu aliye hai.

Abiria na basi

Ushahidi uliowavuta watu wengi ulitoka Scotland mwaka 2000. Utafiti wa WOSCOPS ulikuwa umewafuata wanaume 6,595 wenye lehemu ya juu katika jaribio la pravastatini. Watafiti walichukua damu iliyohifadhiwa ya wanaume 580 waliopatwa na tukio la moyo, wakailinganisha na ya wengine 1,160 waliosalimika. Waliokuwa na Lp-PLA2 nyingi zaidi walikuwa na hatari takriban mara mbili ya wenye kidogo zaidi, hata baada ya LDL kuzingatiwa katika hesabu. Muungano wa watafiti ulikusanya baadaye tafiti 32 zenye watu 79,036 na kuchapisha katika jarida la Lancet mwaka 2010. Uhusiano ulikuwepo, ila ulikuwa mwembamba kuliko ule wa Scotland: kila kimeng'enya kikipanda kwa hatua moja ya kitakwimu, hatari ya ugonjwa wa moyo ilipanda kwa asilimia 10 hivi.

Hapa ndipo mtu angepaswa kukaa chini kidogo. Lp-PLA2 husafiri juu ya LDL. Fikiria daladala na abiria wake: siku barabara ina daladala nyingi, abiria ni wengi na ajali ni nyingi, na mtu akihesabu abiria tu atapata uhusiano safi kabisa kati ya idadi ya abiria na idadi ya ajali. Statini hupunguza LDL, na Lp-PLA2 hushuka pamoja nayo bila mtu kuigusa. Tunaambiwa LDL "ilizingatiwa katika hesabu". Kilichozingatiwa ni kiasi cha lehemu ndani ya LDL katika sampuli moja ya damu, siku moja. Hicho si sawa na idadi ya chembe, wala hakisemi ni ngapi zimekwama ukutani kwa miaka thelathini. Hesabu ya namna hiyo hupunguza mchanganyiko, kuumaliza haiwezi.

Nguruwe, halafu mwaka 2008

SmithKline Beecham, kabla ya kuungana na Glaxo mwaka 2000, ilikuwa imeshaanza kutafuta molekuli za kukizuia kimeng'enya. Darapladib ikatokea huko. Kuipima kwa panya kulikuwa na kikwazo: kwa panya, kimeng'enya hiki hukaa zaidi kwenye HDL, kinyume na kwetu. Wakaenda kwa nguruwe. Nguruwe waliosababishiwa kisukari na kulishwa mafuta na lehemu nyingi hupata plaki zinazofanana sana na za binadamu, na katika kazi iliyochapishwa kwenye Nature Medicine mwaka 2008, waliopewa darapladib walikuwa na plaki ndogo zaidi na viini vilivyokufa vidogo zaidi kuliko wenzao. Picha za hadubini katika makala ile zinashawishi. Mimi zilinishawishi.

Mwaka huohuo likatoka jaribio la binadamu, IBIS-2, lenye wagonjwa 330. Hili nataka tulitazame kwa karibu, maana kwa maoni yangu kisa kizima kiko hapa. Kabla ya kuanza, watafiti waliandika mambo mawili watakayoyahesabu kama ushindi au kushindwa: kiwango cha CRP katika damu, ambacho ni kipimo cha uvimbe, na ulaini wa ukuta wa ateri, uliopimwa kwa waya maalumu wenye mawimbi ya sauti uliopenyezwa ndani ya mishipa ya moyo. Baada ya miezi 12, dawa ilikuwa imepunguza kazi ya kimeng'enya kwa asilimia 59. Na yale mambo mawili? Hakuna tofauti ya maana. Yote mawili yalishindwa.

Katika vipimo vya pembeni kulikuwa na kimoja kilichopendeza. Kiini kilichokufa kilikua kwa wagonjwa wasiopewa dawa, na hakikukua kwa waliopewa. Tofauti ilikuwa kama milimita 5 za ujazo. Habari iliyosambaa ikawa hiyo. Mtu akisikiliza mihadhara ya miaka ile angedhani IBIS-2 ilifaulu.

Kuna utetezi, na ni wa haki. CRP huyumba kirahisi, mafua tu yanatosha kuipandisha. Dawa ilibuniwa kupambana na kiini cha plaki, na kiini ndicho kilichoitikia, sawasawa na kwa nguruwe. Tena jaribio la watu 330 haliwezi kusema lolote kuhusu vifo. Atakayetaka jibu sharti afanye jaribio kubwa. Siwalaumu kwa kufanya STABILITY. Ninachokilalamikia ni namna lengo lililoshindwa lilivyowekwa kando na la pembeni likaketishwa kwenye kiti chake, kisha likabeba uzito wa majaribio mawili yenye watu karibu 29,000 na, mwaka 2012, wa ununuzi wa kampuni shirika ya Human Genome Sciences kwa takriban dola bilioni 3, ingawa ununuzi huo ulihusu pia dawa ya lupasi.

Mtindo uleule ulitaka kujirudia STABILITY ilipotoka. Lengo kuu lilishindwa, lakini matukio ya mishipa ya moyo pekee, bila kiharusi, yalikuwa asilimia 9.3 kwa 10.3, na namba hiyo ilivuka kidogo tu mstari wa kitakwimu. Wapo waliosema bado kuna matumaini. Jaribio la pili, SOLID-TIMI 52, liliyazima. Hili liliwachukua wagonjwa 13,026 ndani ya siku 30 baada ya shambulio la moyo au maumivu makali ya kifua yanayoelekea huko, kipindi ambacho plaki ziko hatarini zaidi, na likawafuata kwa miaka 2.5 hivi. Matukio, kwa makadirio ya miaka mitatu: asilimia 16.3 kwa waliotumia dawa, 15.6 kwa wasioitumia. Uwiano wa hatari ukawa 1.00 kamili. Sifuri ya faida, katika kundi lililotarajiwa kufaidika kuliko wote.

Halafu kulikuwa na harufu. Waliotumia darapladib walilalamikia kuhara, na pia harufu mbaya ya kinyesi, mkojo na ngozi. Katika SOLID malalamiko ya harufu yalikuwa asilimia 11.5 kwa 2.5. Nimeona watu wakicheka sehemu hii, lakini ina uzito wake: jaribio la upofu pande mbili linategemea mgonjwa asijue anameza nini, na mgonjwa anayenuka ghafla baada ya kuanza kidonge hukisia. Kwa vifo na mashambulio ya moyo kukisia huko hakubadilishi sana. Kungekuwa na faida ndogo, tungebishana juu yake mpaka leo.

Jibu lililokuwa kwenye jeni

Tangu 1988 madaktari wa Japani walikuwa wameripoti kwamba takriban asilimia 4 ya Wajapani hawana kabisa kazi ya kimeng'enya hiki katika damu yao. Wakati ule shauku ilikuwa kwenye pumu. Mwaka 1996 chanzo kikajulikana: badiliko la herufi moja kwenye jeni ya PLA2G7, ambalo huweka fenilalanini badala ya valini katika nafasi ya 279. Mwenye nakala moja hubaki na nusu ya kazi, mwenye mbili hubaki na karibu sifuri.

Tafakari maana yake. Asili ilikuwa imeshafanya jaribio la darapladib, kwa mamilioni ya watu, tangu siku ya kuzaliwa, bila kuhara na bila harufu. Kama kimeng'enya ndicho kinachosababisha ugonjwa, watu hawa wangepaswa kuwa na mioyo mizima kuliko majirani zao. Tafiti ndogo za Japani zilisema baadhi yao wanaugua zaidi. Tafiti za Korea zikasema wanaugua kidogo. Zilipogongana hivyo, kila upande ulichukua iliyoupendeza. Kilichohitajika ni wingi wa watu, na wingi huo ulikuja kupitia hifadhidata ya China Kadoorie Biobank: mwaka 2016, kwa watu 91,428 waliopimwa jeni, badiliko lile la nafasi ya 279 (V279F) halikuhusiana na ugonjwa wa moyo wala kiharusi, si kwa kuongeza, si kwa kupunguza. Jibu lilelile la SOLID, ila limefika miaka miwili baada ya fedha kutumika.

Linganisha na PCSK9, protini nyingine ya ukoo wa vimeng'enya, inayopunguza vipokezi vya LDL kwenye ini. Mwaka 2006 watafiti wa Dallas waliangalia Wamarekani weusi 3,363. Asilimia 2.6 walikuwa na jeni ya PCSK9 iliyovunjika. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na hatari yao ya ugonjwa wa mishipa ya moyo ilikuwa chini kwa asilimia 88. Dawa za kuzuia PCSK9 zilitengenezwa baada ya kuona hivyo, na FOURIER, jaribio la watu 27,564, likathibitisha mwaka 2017 kwamba zinapunguza matukio. Badiliko lile linapatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, bara ambalo damu yake bado huchunguzwa kwa uchache katika tafiti za namna hii. Ni hasara kwa wote, wagonjwa wa Ulaya wakiwamo.

Je, nadharia nzima imekufa?

Nadharia kwamba mafuta yaliyooksidika na uvimbe huharibu ateri haijafa, ingawa imepigwa mara nyingi. Vitamini E, inayozuia kuoksidika, ilipigwa mapema: katika HOPE, mwaka 2000, wagonjwa zaidi ya 9,500 walipimwa kwa uniti 400 kwa siku na moyo haukunufaika, jambo ambalo wauzaji wa virutubisho hawajalisikia mpaka leo. Peptidi nazo zilikuja na ahadi yake. Watafiti wa UCLA na wa Alabama walitengeneza D-4F, peptidi ya asidi amino 18 tu inayoiga umbo la protini kuu ya HDL yenye asidi amino 243. Waliijenga kwa asidi amino za mkono wa kinyume ili vimeng'enya vya tumbo visiweze kuisaga. Wazo lake lilikuwa la busara kuliko la darapladib: badala ya kugombana na mkataji, dakeni mafuta yaliyooksidika yenyewe. Kwa panya, mwaka 2002, vidonda vya ateri vilipungua kwa asilimia 79 bila lehemu ya damu kubadilika. Kwa binadamu majaribio madogo yalipingana, na mpaka sasa hakuna dawa ya moyo iliyotoka huko.

Lililothibitika ni kwamba kutuliza uvimbe kunasaidia, mradi ushike njia sahihi. Kanakinumabu, kingamwili inayozuia interlukini-1 beta, kemikali ya mwili inayochochea uvimbe, ilipunguza matukio kwa asilimia 15 katika jaribio la CANTOS la mwaka 2017. Kolkisini, dawa kongwe ya jongo, ilifuata, na mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiidhinisha kwa ajili ya moyo.

Binamu wa darapladib, varespladib, inayozuia fosfolipasi za kundi jingine, ilitoka vibaya zaidi: jaribio lake la moyo lenye wagonjwa 5,145 lilisimamishwa mapema kwa kukosa dalili ya faida na kwa hofu ya madhara, na mashambulio ya moyo yalikuwa mengi zaidi kwa walioitumia. Lakini sumu ya nyoka wengi imejaa fosfolipasi A2, na kidonge hichohicho kikachukuliwa na kupimwa kwa walioumwa na nyoka huko India na Marekani. Darapladib yenyewe ilijaribiwa kwa macho yaliyovimba kwa kisukari, kwa wagonjwa wachache, na haikufika mbali.

Kimeng'enya, kwa upande wake, hakikupoteza kazi. Desemba 2014, miezi michache baada ya SOLID, FDA iliruhusu kipimo cha kazi ya Lp-PLA2 kwa watu wazima wasio na historia ya ugonjwa wa moyo, ikieleza kwamba kinatabiri vizuri zaidi kwa wanawake, hasa wanawake weusi, na kwamba anayezidi nanomoli 225 kwa dakika kwa kila mililita yuko kwenye hatari zaidi. Wengine waliona ni kichekesho, dawa imekufa na kipimo kimepita. Hakuna mgongano wowote hapo, kwa sababu kinachotabiri si lazima kiwe kinachosababisha. Mtu akiletewa majibu hayo leo, daktari wake hana kidonge cha kukishusha kimeng'enya. Atarudi kwenye statini, shinikizo la damu, sukari na sigara, na LDL ikishuka, Lp-PLA2 itashuka nayo.